Usimwambie Bibi

4 Machi

Mama mkwe, shikamoo.

Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Karatasi haikatizwi. Barua hii anakuletea Mapengo, dereva wa lori la nyama, anayepita barabara ya kwenu kila akienda kushusha mzigo. Ukitaka kunijibu, mpe yeye. Ukitaka kunitukana pia mpe yeye, hasomi.

Mama yangu amerudi kutoka kwako akilia. Alikwenda kumwona mjukuu wake Kijiko, akasimamishwa mlangoni kama mwizi. Anasema ulimnawisha mikono mpaka kwenye viwiko, ukasimama pembeni ukimwangalia. Alipompa Kijiko biskuti, uliitoa mkononi mwa mtoto. Alipompa juisi, ulimwaga. Na mtoto alikuwa akilia njaa, mama mkwe. Miaka minne amekaa duniani na bado anakula chakula cha kujaza kifuniko.

Wewe ulikuwa mpishi wa shule. Ulipakua chakula cha watoto wa watu, na nasikia hakuna aliyeondoka na sahani nyepesi. Sasa wa kwako ndiye unamwonea choyo? Mimi huku nabeba mapaja ya ng'ombe begani kutoka asubuhi, kwenye chumba cha baridi ambacho pumzi yako inaganda kwenye masharubu. Nalala kwenye kitanda cha juu, chini yangu anakoroma mtu nisiyemjua vizuri. Nikifumba macho namwona mwanangu anaomba kipande cha mkate na bibi yake anatikisa kichwa.

Nilikubali akae kwako kwa sababu nyumba yako iko karibu na hospitali. Sikukubali ashindishwe njaa. Na huo mrija wa kifuani nao, mpaka lini? Mtoto ana mdomo. Apewe chakula mdomoni kama watoto wengine.

Mwezi ujao napata likizo. Nikifika nataka kukuta sufuria limejaa.

Msalimie mke wangu. Mwambie simu yake nayo haipokelewi.

Mkweo,
Baba Kijiko


15 Machi

Baba Kijiko,

Marahaba. Mapengo amenikabidhi barua yako ikinuka nyama, nikaisomea nje.

Umeniuliza kwa nini simpakulii mtoto sahani nzima. Nitakujibu, maana siku daktari anaeleza wewe ulikuwa kwenye benchi la nje unaangalia saa ya basi. Kijiko alizaliwa utumbo umejisokota, ukafa. Wakaukata. Uliobaki hauzidi mkono wangu. Chakula kikiingia kinapita mbio, hakikai kikanyonywa. Ukimjaza, kinatoka kama maji, na kinatoka na maji ya mwili wake. Juisi ya mama yako, ile tamu ya kunata, ilivuta maji yote tumboni. Aliharisha mchana kutwa, midomo ikakauka, macho yakazama. Mama yako hakuyaona hayo. Alikuwa ameshapanda gari akalie kwako.

Kwa hiyo anakula kidogo, baada ya muda kidogo tena, siku nzima. Mimi niliyekuwa napika kwenye masufuria ya kuogea mtu mzima, sasa napima kwa kijiko cha chai. Unadhani napenda? Akilia njaa nalia na mimi, ila mimi nalia nimegeukia ukutani.

Kinachomlisha kweli ni mfuko wa chakula cha majimaji kinachoingia moja kwa moja kwenye damu. Kila jioni nautoa kwenye friji upungue ubaridi, kisha naufunga kwenye mrija unaingia taratibu mpaka asubuhi. Mrija ule umeingia mshipa mkubwa ulio karibu na moyo. Kidudu kikikaa kwenye kidole changu, basi nimekipandisha gari la moja kwa moja. Mwaka jana homa ilimpanda hapa, tukafika hospitali anatetemeka meno. Tangu siku hiyo mtu yeyote ananawa. Mkwe ananawa, mchungaji ananawa, fundi wa umeme alinawa akacheka akanawa tena. Mikono yangu imechubuka kwa sabuni, na wewe umekasirika mama yako kunawa mara moja.

Daktari anasema ule utumbo mfupi unajifunza. Unakua, unazoea kazi ya ule uliokatwa. Sasa tunaruka mfuko usiku mmoja kila wiki. Siku moja huenda mrija ukatoka. Lakini hautatoka kwa hasira zako.

Binti yangu hapokei simu kwa sababu akitoka kiwandani kushona analala amekaa. Hujauliza anaendeleaje. Nimekujibu tu, ikiwa utakumbuka kuuliza.

Njoo. Sufuria utalikuta. Na wewe utanawa.

Bibi Kijiko


2 Mei

Mama mkwe, shikamoo.

Nimefika kazini salama, ingawa sidhani ulikuwa unaombea hivyo.

Nimekuwa mtu mzima muda mrefu, na sijawahi kuitwa muuaji. Wewe umeniita, mlangoni, majirani wakiwa wamening'inia madirishani kama nguo, na mwanangu ananiangalia. Na kosa langu ni nini? Umeme ulikatika. Wewe ulikuwa sokoni, mke wangu kazini. Friji lilinyamaza, ndani mna mifuko ya mtoto ya wiki nzima. Ningekaa niiangalie ikiharibika? Mimi kazi yangu ni baridi. Nyama ikianza kulegea tunaikimbiza kwenye friza, ikiwa jiwe inakaa hata miezi. Nikaibeba mifuko kwa bucha wa pembeni mwenye jenereta, nikamwomba nafasi kwenye friza lake, akanipa. Niliporudi nilijiona mwanamume aliyefanya jambo nyumbani kwake.

Kesho yake imekuwa matofali, na wewe ukapiga kelele kama nyumba inaungua. Ilipoyeyuka mafuta yakajitenga juu kama mchuzi uliolala, ukasema haifai hata kumwagia maua. Nani aliniambia haigandishwi? Maandishi ya kwenye mfuko ni ya kigeni, na mimi shule niliiacha nikiwa bado nasoma kwa kufuata kidole.

Sasa sikiliza. Siku mbili zile, wewe ukishinda hospitali kutafuta mifuko mingine, mtoto alikaa bila mfuko. Alikaa na mimi mezani. Alikula wali, sahani yake ikaisha, akaomba tena nikampa. Alikunywa juisi. Alicheka mpaka akapaliwa. Hakufa. Mlikuwa mmeninunia nyumba nzima, mwenye kunisemesha ni yeye peke yake, na alikuwa mzima.

Kwa hiyo nimeamua. Mwisho wa mwezi wa sita nakuja kumchukua Kijiko, akakae kwa mama yangu. Kule kuna hewa, kuna uwanja, na hakuna mtu atakayempokonya biskuti. Ni mtoto wa kwetu. Ukikataa nitakuja na wajomba.

Mkweo,
Baba Kijiko


11 Mei

Baba Kijiko,

Marahaba.

Hakufa. Umeandika vizuri neno hilo, mwandiko umenyooka.

Uliondoka asubuhi. Mchana wali wako na juisi yako vilikuwa vimekwisha kutoka, na maji ya chumvi na sukari niliyompa yakafuata. Saa kumi hakuweza kushika kichwa. Tulikaa wodini mpaka wiki ikaisha, mama yake akalala chini ya kitanda kwenye kanga mbili, akatoka hapo kwenda kushona. Alinikataza kukuambia. Alisema, "Mama, muache, ameshaumia." Nikamtii. Sasa umenipandisha hasira, nimekuambia.

Unataka wajomba? Waje. Nitawanawisha wote.

Na kwa kuwa tunasemana, niseme nililoliona. Uliingia nyumbani kwangu mikono mifukoni kama bwana shamba anayekagua mahindi. Hukunipa mkono. Nilipokuonyesha beseni na sabuni ulisema "nimeshanawa njiani," njiani wapi, kwenye lori? Mtoto alikunyooshea mikono umbebe, ukainama tu akuning'inie shingoni, mikono yako bado mifukoni. Umekaa miezi na miezi hujamwona, na hukumbeba. Ulikula kwa kijiko, mkono mwingine umeuficha chini ya meza, kama mgeni anayeogopa vyombo vyetu ni vichafu. Nilimwambia binti yangu, huyu mtu anatudharau. Akainuka kuosha vyombo.

Sasa sikia sharti langu. Kwa mama yako hakuna umeme na maji wanayabeba kichwani, lakini hilo tuliache. Wewe njoo kliniki. Kuna nesi anayefundisha wazazi kufunga mfuko kwenye mrija, hatua kwa hatua. Mimi alinifundisha nikiwa na umri huu na miwani ya kuazima. Ukifunga mbele yake, akasema huyu anaweza, mchukue mwanao mbele yangu na mimi nitakufungia mizigo. Ukishindwa, nisisikie tena habari ya kwa mama yako.

Ni hivyo tu. Mrija kwanza, mtoto baadaye.

Bibi Kijiko


30 Juni

Baba Kijiko,

Leo siandiki salamu.

Ulipokuja kliniki, nilikaa kwenye benchi lile lile ulilokaa wewe siku ile daktari alipoeleza. Chumba cha mafunzo kinaingia mwanafunzi mmoja tu na mtoto wake, kwa hiyo sikuona kitu. Nilisikia maji yanatiririka muda mrefu, nikasema afadhali, leo ananawa. Nikasikia nesi anaongea, Kijiko anacheka. Halafu mlango ukafunguka, wewe ukapita mbele yangu bila hata kunitazama, mikono mifukoni, ukaenda. Mtoto ulimwacha na nesi kama kifurushi. Mapengo ananiambia ulimkuta anapakia ukapanda naye siku hiyo hiyo.

Nilimuuliza nesi. Akasema mambo ya mwanafunzi wake hayasemi, nikuulize wewe. Nikacheka. Nani asiyejua? Umeshindwa, ukakimbia. Hatua ya kwanza tu ni kunawa, na wewe hiyo hujaiweza tangu Aprili.

Binti yangu kanikasirikia. Anasema nimekutega. Mimi nilikupa nafasi, ukaikanyaga.

Basi tumemaliza. Mtoto anabaki hapa.

Bibi Kijiko


9 Julai

Mama mkwe, shikamoo, hata kama hutaki.

Sikukimbia. Na sikushindwa. Nitaeleza mara moja, halafu ufikirie unavyotaka.

Nesi ana mwanasesere mkubwa mwenye mrija kifuani kama wa Kijiko. Aliniambia, "Baba, toa mikono mfukoni." Nikaitoa. Nikanawa kama alivyosema, katikati ya vidole, kucha, mpaka kwenye kiwiko. Sabuni ilinichoma machozi yakatoka, nikaendelea kusugua. Kisha nikafanya kazi. Kufuta kizibo, kusubiri kikauke, kufunga bila kugusa ncha, kufungua kibano taratibu. Huku kambini nilikuwa nimejifunza kwa kipande cha mpira wa maji, jioni, wenzangu wakinicheka na kuniita nesi wa ng'ombe. Nilimfungia mwanasesere yule, nikarudia. Nesi akasema, "Umefaulu. Umefanya kuliko wengi."

Halafu akaangalia karatasi niliyojifutia. Ilikuwa na damu.

Akashika mikono yangu akaigeuza. Mama mkwe, hujaiona, na nilihakikisha huioni. Baridi imeipasua. Kila kiungo cha kidole kina ufa, na kiganjani kuna nyingine zinafunguka kila nikikunja ngumi. Glavu wanazotupa zinaloa kabla ya saa nne, na waya wa kufungia nyama haufunguki na glavu. Ufa ukianza kufunga, kesho unafunguka tena. Nesi akasema humo ndani vidudu vinajificha, sabuni haivifikii, na yeye mikono kama hii hawezi kuiruhusu iguse mrija wa mtoto. Akasema mpaka ipone. Nikamuuliza ipone vipi, kesho nabeba nyama? Akarudia, mpaka ipone. Hakuwa mbaya, alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionitoa mlangoni.

Ulitaka nikae kwenye benchi nikueleze? Wewe uliyenisubiri nishindwe?

Barua yako ya Machi niliisoma mara nyingi kuliko unavyodhani, pale uliposema kidudu kinapanda gari la moja kwa moja. Nikaangalia vidole vyangu. Kwa hiyo nilipokuja sikumbeba. Beseni lako nililikataa kwa sababu ungeona maji yamebadilika rangi, ukapata jambo jingine la kusema juu ya mwanamume aliyemuoa binti yako. Mke wangu alijua. Aliiona mikono siku ya kwanza, akanyamaza kwa kuwa nilimwomba.

Na Kijiko alijua. Aliingiza mkono wake mfukoni mwangu kutafuta peremende akakuta kidole. Akakitoa, akakichunguza. Akaniuliza, "Baba, na wewe wamekukata?" Nikamwambia nyama ya huko ni baridi, inauma. Akafikiri, akaninong'oneza, "Usimwambie bibi. Atakubandika plasta, halafu ataibandua."

Kuhusu ile mifuko ya bucha sisemi kitu. Kuhusu wodi, mngeniambia.

Mkweo,
Baba Kijiko


16 Julai

Baba Kijiko,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma, nikamwita Kijiko. Nikamuuliza, "Mikono ya baba yako ikoje?" Akanitazama usoni akajibu, "Iko miwili." Nikamuuliza tena. Akasema, "Bibi, mimi sijui mambo ya watu wazima." Miaka minne. Utumbo wamekata, ujeuri wamemwachia wote, na sijui kautoa upande gani.

Mmenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu, nyinyi watatu. Mimi naosha watu mpaka fundi wa umeme, na mwenye kidonda kakaa mezani kwangu siku zote sikumwona. Nimekasirika. Usidhani barua yako imenilainisha.

Plasta nambandua kila wiki, pale kifuani, maana lazima ibadilishwe. Siku hizo hanisemeshi mpaka jioni. Sikujua ameniweka kwenye hesabu yake namna hiyo.

Kwenye mfuko wa Mapengo kuna kopo la mafuta ya mgando. Ndiyo ninayopaka mimi. Sabuni ilinipasua mwaka wa kwanza, nesi huyo huyo akanirudisha nyumbani, nikakaa mwezi mzima namwangalia binti yangu akifunga mfuko peke yake huku akisinzia. Hilo nalo sikuwahi kukuambia, kwa kuwa halikukuhusu. Paka ukitoka kazini, paka mengi bila uchoyo, kisha vaa soksi safi mikononi ulale nazo. Wakikucheka waambie mama mkwe wako ni mchawi. Lakini mafuta bila kuacha ile baridi ni kazi bure. Hayo ni yako na bosi wako.

Kwa mama yako haendi. Hilo halina mjadala, na ukileta wajomba nitawapikia, watakula, watarudi. Ila mikono ikipona, nesi akaipitisha, utakuja hapa kila ukipata likizo. Usiku mmoja utafunga wewe, usiku mmoja mimi, na mama yake atalala kitandani kama mtu. Sasa tunaruka mifuko miwili kila wiki. Anashikilia uzito.

Ukiigusa friji yangu nitakuvunja hiyo mikono upya.

Bibi Kijiko


3 Septemba

Mama mkwe, shikamoo.

Nimeomba kutolewa chumba cha baridi. Msimamizi aliniuliza kama nimekuwa bibi harusi, siku hizi natunza vidole. Nikamwambia ndiyo. Sasa niko getini napokea magari, juani, kazi ya wazee. Mapengo anasema nimenenepa. Ni mwongo.

Soksi wamezicheka wiki nzima, halafu mmoja wao akaja kuniomba mafuta. Kopo limekwisha. Sikuombi jingine, nakuambia tu.

Kiganja kimefunga. Vidole vimefunga, kimebaki kidole gumba cha kulia. Kikifunga nakuja, kliniki kwanza, nyumbani kwako baadaye. Usiku wangu ni wangu, usije ukasimama nyuma yangu unapumua. Mtoto abaki hapo kwako, nimekubali, na usitembee mtaani ukisema umenishinda.

Weka beseni mlangoni. Sabuni ile ile, kali.

Mwambie Kijiko plasta haikuhitajika.

Mkweo,
Baba Kijiko